Ua la Gundi

3 Februari

Kwa Mtunza Mimea,

Shikamoo.

Naomba radhi kwa kukuchukulia muda. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu. Babu yangu, aliyekuwa fundi wa kujalidi vitabu, alifariki mwezi wa Novemba na kuniachia kabati lake la vitabu. Wajukuu wengine waligombania redio, kwa hiyo kabati halikuwa na mshindani.

Katika kitabu kimoja kinene cha mimea ya porini, chenye muhuri wa ofisi yenu ndani ya jalada, nimekuta ua lililokaushwa. Lina petali tano za rangi ya chai ya maziwa, na katikati ni jeusi linaloelekea zambarau. Kurasa nane za mwanzo za kitabu hicho zimeandikwa kwa mkono, sijui kwa nini. Nimelitafuta ua hilo ukurasa kwa ukurasa sijaliona. Inawezekana likawa ua ambalo halijulikani?

Nitashukuru kwa jibu lolote, hata fupi.

Mwanafunzi, mjukuu wa fundi


17 Februari

Kwa Mwanafunzi,

Barua yako imepokelewa. Wanafunzi wote wanaombwa kuleta maswali yao kupitia kwa mkuu wa shule, kwa fomu maalumu, pamoja na barua ya mwalimu wa somo.

Katibu wa ofisi


20 Februari

Kwa Mtunza Mimea,

Salamu. Mimi ni mzee, fundi wa majalada mstaafu. Ninacho kitabu cha mimea ya porini chenye muhuri wenu, na ndani yake mna ua lililokaushwa ambalo silijui. Lina petali tano na moyo mweusi. Macho yangu si ya jana, na miguu yangu haipatani na foleni, kwa hiyo fomu siziwezi. Naomba jina la ua tu. Jibu litanifikia kwa sanduku la posta lililoandikwa juu ya bahasha.

Fundi wa Majalada (mstaafu)


2 Machi

Gundi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena.

Na mimi nimestaafu, lakini hapa wananivumilia Jumanne na Alhamisi nipange mimea ambayo vijana hawana subira nayo. Katibu alinitupia bahasha mezani. "Mzee, huyu naye anataka jina la ua. Juzi mtoto wa shule, leo babu mzima. Watu hawana kazi." Nikaona "fundi wa majalada" na "kitabu chenye muhuri". Nikamwambia, "Niachie. Huyu ni wangu."

Kumbe kitabu changu, nilichopewa na ofisi hii, ki hai.

Kwa hiyo hulijui ua. Haya. Ndivyo ulivyokuwa: ukitaka kuingia kwa mtu hupigi hodi, unauliza swali ambalo jibu lake unalo mfukoni. Nami nitakujibu kama mtaalamu anavyomjibu mgeni. Usilishike kwa vidole, litavunjika; lisukumie juu ya kipande cha karatasi ngumu kisha uligeuze. Petali tano zisikubabaishe, nusu ya dunia inazo tano. Mwenye kusema kweli ni kile kikombe cha kijani kinacholishika ua kwa chini. Je, kimesimama kama nyota ya ncha tano, au kimepasuka upande mmoja tu, kama koti la mtu aliyelivua kwa haraka?

Sasa na mimi niulize. Kwa nini uliacha kuniandikia? Vyumba vyetu viligawana ukuta miaka sita, kikohozi chako nilikijua kuliko changu. Ukahama, ukaandika mara mbili, kisha kimya. Nimejipekua mifuko yote nikitafuta kosa, sikuliona. Binti yako, kale kadogo kasikopenda viatu, bila shaka sasa ni mama wa watu.

Nijibu, hata kama ni kwa kunitukana.

Majani


6 Machi

Ndugu Majani,

Nimefurahi kupata barua yako. Kitabu kipo salama.

Nimefanya kama ulivyoelekeza. Kikombe kimepasuka upande mmoja tu. Kina urefu wa milimita 26, na ufa unashuka milimita 19. Petali ndefu kuliko zote ina milimita 48. Katikati pana mnara mdogo wenye vumbi la njano, milimita 21. Nimepima mara mbili ili nisikosee.

Kuhusu swali lako, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Nasubiri jina la ua kwa hamu.

Gundi


14 Machi

Gundi,

Kwa hiyo palikuwa na ndwele.

Miaka yote hii nilijiambia ni posta. Nilijiambia ni kuhama, ni watoto, ni maisha, mtu huandika kesho mpaka kesho zinakwisha. Sasa wewe mwenyewe unaniambia palikuwa na ugonjwa na umepona. Mimi mwenzako sijui hata niliambukiza nini. Tangu Jumanne nakunywa chai huku nikizikumbuka siku zetu mojamoja: labda ni siku niliyocheka jalada lako lililopinda, labda ni siku niliyokula na nisikuite. Nikishaipata moja, naipata nyingine. Mke wangu amenikataza kuyasema mezani.

Ua lako ni bamia. Kikombe cha bamia hupasuka upande mmoja, na ua likianguka huanguka nalo. Ndugu zake wengi hubaki na nyota yao. Hukulikuta katika kitabu kwa sababu kitabu ni cha mimea ya porini, na bamia ni mmea wa bustanini. Ulikuwa unamtafuta mwenyeji katika orodha ya wageni. Lakini hayo unayajua.

Jumamosi tarehe 4 Aprili nitapanda basi la asubuhi nije kwako. Tiketi nimeshakata. Sitaki kugangwa kwa barua. Utaniambia nilikukosea nini tukiwa tumekaa uso kwa uso, nami nitaomba radhi kama mtu mzima.

Majani


17 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wodi yako ya wazazi haikuchoshi sana.

Nina jambo na siwezi kumwambia mama, kwa sababu mama atapiga kelele kisha atalia, na nikimwona analia nitashindwa kumaliza.

Nimeandika barua kwa jina la babu. Sikukusudia ubaya. Nilitaka kujua jina la ua nililolikuta katika kitabu chake, na ofisi ikasema nipitie kwa mkuu wa shule. Unanijua, Shangazi. Mimi kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda msalani ni kazi ya juma zima. Nikafikiri mzee atajibiwa haraka. Nikajifanya mzee.

Akajibu mtu aliyemjua babu. Anamwita Gundi. Sikujua kwamba babu aliwahi kuitwa Gundi. Amesema kitabu ni chake. Akauliza kwa nini babu aliacha kumwandikia, na mimi nikaona nikikaa kimya atashtuka, nikatafuta maneno ya kizee. Nikaandika "yaliyopita si ndwele". Niliona yanapendeza. Hata nilijisifu kidogo. Sasa anaamini alimkosea babu na babu amemsamehe. Anahesabu makosa yake mezani. Na anakuja tarehe 4 Aprili, na tiketi amekata, na babu yuko kaburini.

Liko na jingine. Nilimwambia mwalimu wa biolojia kwamba huenda nimegundua ua lisilojulikana. Akanisimamisha mbele ya darasa nieleze. Niliongea dakika kumi nzima, mimi ambaye huwa siongei. Ni ua la bamia, Shangazi. Mwenzangu wa dawati kwao wanalima bamia. Alinisikiliza mpaka mwisho, na sasa nadhani alinionea huruma.

Lakini la darasa nitalimeza. La mzee siwezi kulimeza wala kulitema. Nikiona kalamu masikio yananiwaka. Nilifikiria kumwandikia kwamba Gundi amesafiri. Kisha nikafikiria kumwandikia kwamba Gundi amefariki ghafla wiki hii. Nilifika mpaka kuandika tarehe. Nimeichana, lakini mkono uliokuwa ukiandika ni wangu.

Nifanye nini?

Profesa wako


21 Machi

Profesa,

Marahaba. Naandika hapa hapa wodini, mama mmoja anapiga kelele na mwingine anamwambia anyamaze kwani hakuja peke yake. Usishangae mwandiko.

Kwanza, ungemwua babu yako mara ya pili kwa sababu ya aibu? Afadhali ulichana. Nimekasirika nikazunguka wodi nzima, kisha nikakumbuka kwamba una miaka kumi na sita.

Pili, methali si plasta, mtoto wewe. Hubandiki popote panapouma. Ungeandika "sijui" tu usingekufa.

Tatu, sikiliza. Majani namkumbuka. Ni yule jirani aliyekuwa akiyaita magugu yote ya uani kwa majina kama mtu anayewaita watoto kuoga. Na asiyependa viatu ni mimi, na mpaka leo sivipendi, hapa nilipo nimevisukuma chini ya meza.

Hakumkosea baba chochote. Kitabu aliazimwa. Tulipohama kilikuja nasi, baba akasema mwezi ujao atakirudisha. Kisha mvua ikapita kwenye bati usiku na kulowesha rafu ya juu. Asubuhi kitabu kilikuwa kimevimba kama mkate ulioanguka kwenye ndoo, na kurasa za mwanzo zilikuwa uji. Mimi ndiye niliyeshika pasi ya mkaa, yeye anaweka kitambaa juu ya kila karatasi. Kurasa nane hazikupona. Baba akaenda maktaba, akaomba kitabu kama hicho, akazinakili kwa mkono pamoja na picha. Mtu ambaye alikuwa hawezi kuchora hata kuku. Akashona upya, akatia jalada jipya, akakibana kwa mawe.

Mama akasema, "Sasa mpelekee mwenzio." Baba akasema, "Fundi wa majalada nitarudishaje kitabu kilichovimba mgongo? Nitamwambia nini?" Akakifungua tena, akakishona tena. Kila mwaka mgongo ulimkera. Na kwa kuwa hakuweza kuandika barua bila kukitaja kitabu, akaacha kuandika barua. Kuazima arusi, kulipa matanga. Baba yangu aliyakimbia matanga mpaka yakamkuta yake.

Ndivyo tulivyo ukoo huu. Tukipata doa tunalikalia, na tukilikalia linaenea kwenye kitambaa chote. Mimi nina yangu sikwambii.

Sitakuandikia barua hiyo. Iandike mwenyewe, kwa mkono wako, na usitie methali hata moja. Kisha umwambie mama yako kabla mgeni hajafika, maana atataka kufagia.

Shangazi yako


23 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo.

Aliyekuandikia si Gundi. Ni mimi, mjukuu wake, yule mwanafunzi aliyeambiwa apitie kwa mkuu wa shule. Babu amefariki tangu Novemba. Barua zote mbili niliandika mimi, na jina la Gundi nililitia chini baada ya kuliona kwako. Lilikuwa jina lenu nyinyi wawili, nami nikalichukua.

Hukumkosea. Nimeulizia kwa shangazi, yule asiyependa viatu. Kitabu chako kililowa mvua. Babu alikitengeneza, akanakili kurasa zilizoharibika, lakini hakuwahi kuridhika nacho, akaona aibu kukirudisha, kisha akaona aibu kuandika. Ni hayo tu. Yale maneno ya ndwele niliyatunga kwa sababu sikujua la kusema. Umehangaika kwa sababu yangu, na mke wako pia.

Nilisema kitabu kipo salama. Kina mgongo uliovimba, na kurasa nane si za asili. Nitakituma kwa posta pamoja na ua. Kama tiketi yako hairudishwi, tafadhali niambie nitafanya nini.

Sijui namna ya kuomba radhi inayotosha kwa jambo hili. Nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara naona najitetea. Hii haina utetezi. Naomba radhi.

Mjukuu wa fundi


30 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba.

Novemba. Mwezi huo mimi nilikuwa naumwa mgongo na kumlalamikia kila mtu. Ningejua.

Sasa na mimi nikwambie jambo, na usidhani nakupoza. Ile barua ya kwanza niliifurahia mno hata sikufikiri. Ya pili ilipofika nikaisoma nikacheka, kisha kicheko kikakauka. Milimita. Gundi hakupima kitu kwa milimita tangu azaliwe. Alipima kwa kidole gumba, kwa shubiri, kwa kukodoa jicho moja. Bosi wake alimnunulia rula akaitumia kukorogea gundi, na jina lake alilipatia hapo. Tena bamia lile alilipanda yeye, chini ya dirisha letu. Ua nililichuma mimi asubuhi, maana likifika jioni limekwisha, nikamwonyesha namna ya kulibana katika kitabu. Angeweza kunitania mara moja kwamba halijui. Mara mbili, na kwa rula, asingeweza.

Kwa hiyo nilijua, na sikutaka kujua. Nilijua kuna mtu nyumbani kwake anashika kalamu badala yake, na mtu hashikiwi kalamu bila sababu. Lakini mwenye kalamu alisema palikuwa na ndwele, nami nikaogopa kwamba hilo alilisikia kwa Gundi mwenyewe. Ningeweza kukuuliza wazi: wewe ni nani, na yeye yuko wapi? Sikuthubutu. Nikakata tiketi. Nilijiambia anayepima ua mara mbili ili asikosee hatamwacha mzee apande basi kwa uongo. Nilikutegea mtego, mtoto wa watu, ili wewe uniambie nililoogopa kuliuliza. Mke wangu aliposikia alisema, "Na umri wote huo." Alisema hivyo tu, nikainama.

Basi tumekoseana, na la kwangu ni la mtu mwenye mvi.

Usitume kitabu kwa posta. Tiketi ninayo. Nitakuja.

Majani


6 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama alifagia mpaka nyuma ya kabati.

Alikuja na begi dogo na kofia ambayo hakuivua mpaka alipoonyeshwa kiti cha babu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Nilipomwona mlangoni yote yalinitoka, nikabaki nimeshika kitabu kifuani kama sahani. Akasema, "Wewe ndiye Milimita." Mama akacheka, mimi nikatamani kuingia kabatini.

Alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Hakukifungua kwanza. Alipitisha kidole gumba juu ya mgongo, pale ulipovimba, akarudi tena. "Mishono mitatu tofauti," alisema. "Huyu mtu alikuwa akikishona mpaka uzeeni." Kisha akafungua kurasa za babu. Kuna picha ya mmea wenye miiba ambao babu aliuchora ukafanana na kifagio. Mzee aliitazama sana. Akatoa penseli mfukoni, akaandika pembeni kwa herufi ndogo, "Gundi, majani huota mawilimawili, si matatu." Akaendelea ukurasa uliofuata. Alisahihisha zote nane, na mahali pengine alikuwa anabishana naye kwa sauti. Mama alitoka nje. Mimi nilibaki, kwa sababu aliniambia nimshikie taa.

Tulipomaliza nilimwambia, "Kitabu chako hicho, mzee." Akakifunga, akanirudishia.

"Nakuazima," alisema.

Mama, aliyekuwa amerudi, akamwambia, "Si umwachie tu kabisa, mzee, wewe unavyo vingi."

"Nikimpa, hana sababu ya kuniandikia tena," alisema. "Kitu cha kuazima kina njia ya kurudi. Mwezi mmoja, Milimita. Na ukiona mwezi unakwisha usihame mji."

Ua limerudi mahali pake, kwenye kurasa za nyasi. Anasema alilibana pale kwa sababu karatasi za pale ni nene.

Kuhusu darasa: nilimwomba mwalimu dakika moja, nikasema ni bamia. Walicheka. Nilikaa chini masikio yakiwaka, lakini niliyasikia yakipoa, jambo ambalo sikuwahi kulisubiri kabla ya hapo.

Profesa wako


2 Mei

Mzee Majani,

Shikamoo, na mfikishie mama shikamoo yangu.

Mwezi umetimia, na kitabu kimo ndani ya furushi hili. Nimekizungushia karatasi za nailoni mbili kwa sababu ya mvua, na ua lipo kwenye nyasi. Nimekisoma chote, pamoja na mabishano yenu ya penseli. Naomba, ukiona inafaa, uniazime kingine, chenye mimea ya bustanini.

Fungua ukurasa wa sitini na moja. Kuna doa la chai, upana wa kidole gumba. Jumatano nilikuwa nasoma nikinywa. Nililikausha kwa kitambaa, kisha nikachukua pasi, kisha nikairudisha pasi mahali pake na kuanza kufunga furushi.

Doa hilo ni langu.

Mjukuu wa Gundi